Kila lita ya petroli ina deni la Sh 1,100

Shemeji yangu alinunua gari, Toyota IST, mwaka juzi, akaja nayo nyumbani Jumapili jioni ikiwa imeng'arishwa mpaka tairi. Kabla hata ya kuketi alinionyesha hesabu aliyoiandika kwenye simu. Anakaa Tegeta hapa Dar, kazini kwake ni Posta, kwenda na kurudi kama kilomita 50, petroli ya mwezi kiasi fulani, mshahara unatosha na chenji inabaki. Nilipitia tarakimu zote, hakukosea hata moja. Kasoro ilikuwa kwamba hesabu nzima ilikuwa na mstari mmoja tu, wa mafuta.

Mwezi wa nne akanipigia. "Shem, mbona hii gari inanimaliza?" Ndani ya wiki tatu alikuwa amemwaga oili, betri imegoma Jumatatu alfajiri, bima imeisha, na fundi amemwambia bushi za mbele zote zimekwisha. Kati ya vyote hivyo hakuna kilichokuwa ajali wala mkosi. Vilikuwa vinakuja tangu siku aliyokabidhiwa funguo, ila hakukuwa na mtu wa kumwambia kwamba viko njiani.

Mafuta yana jambo moja jema: yanakudai papo hapo. Taa ya njano inawaka, unaingia sheli, unalipa, mmemalizana. Vitu vingine vyote vya gari vinakukopesha. Tairi inakubali utembee miaka mitatu bila kuomba hata shilingi, kisha siku moja inadai deni lote kwa mkupuo, na siku hiyo mara nyingi ni tarehe 20, mshahara ukiwa umeshakatika. Ndiyo maana watu wengi wenye gari huona kama wanaandamwa. Ukweli ni kwamba wanadaiwa malimbikizo.

Njia niliyoiona inasaidia ni kuacha kuhesabu gari kwa mwezi na kulihesabu kwa kilomita. Tuchukue hilo hilo la shemeji, la sisi (cc) 1,500. Siku za kazi 25 kwa kilomita 50 ni 1,250. Weka kanisani, sokoni, msiba wa Chanika na harusi ya Kibaha, inafika kilomita 1,500 kwa mwezi bila kujitahidi, yaani 18,000 kwa mwaka. Bei nitakazotumia hapa ni za mfano, wewe toa zangu uweke za kwako. Petroli tuihesabu kwa Sh 3,000 ili kichwa kisiume, na gari liende kilomita 11 kwa lita kwenye foleni zetu. Kila kilomita inakula Sh 273 za mafuta.

Sasa yale yasiyopiga kelele. Oili na filta, pamoja na ufundi, tuseme Sh 100,000 kila kilomita 5,000: hizo ni Sh 20 kwa kilomita. Tairi nne za Sh 520,000 zikidumu kilomita 40,000, ni Sh 13. Bima kubwa ya gari la Sh milioni 12 kwa asilimia 3.5 ni Sh 420,000, ukiweka VAT ya asilimia 18 inakuwa Sh 495,600: Sh 27 na ushee. Breki, bushi, shokapu, betri, plagi, oili ya giaboksi, gesi ya AC, pancha, hivi vyote nimevitengea Sh 40, na kwa gari lenye umri wa kwenda shule ya sekondari sioni kama nimezidisha. Jumla ni kama Sh 100 kwa kilomita. Lita moja inakupeleka kilomita 11. Kwa hiyo kila lita unayoiweka kwenye tenki inaondoka na deni la Sh 1,100 ambalo mhudumu wa sheli hakuambii.

Ukijaza ya Sh 30,000 umepata lita 10, na umejikopesha Sh 11,000. Ukiziweka pembeni siku hiyo hiyo, kwenye laini ya pili ya simu au kibubu chochote usichokigusa, tairi zitakapoisha pesa yake itakuwa imeshafika. Usipoziweka, bado utazilipa, tofauti ni kwamba utazilipa kwa kukopa.

Kuna mistari mingine miwili nimeiacha makusudi nje ya kibubu, lakini uijue. Wa kwanza ni kushuka thamani. Gari la Sh milioni 13 ukiliuza baada ya miaka minne kwa milioni 9, zile milioni 4 zimeyeyukia barabarani kwenye kilomita 72,000, sawa na Sh 55 kwa kilomita. Wa pili ni kuosha. Sh 7,000 kila wiki ni Sh 364,000 kwa mwaka, ambayo ni Sh 20 kwa kilomita, sawasawa na oili. Hili liliniuma nilipoligundua kwenye daftari langu. Nimewaona watu wengi, nami nikiwemo zamani, wasioruka kuosha hata wiki moja lakini wanaosogeza oili kwa miezi miwili kwa sababu "hali si nzuri". Rangi inaonekana na majirani, oili haionekani na mtu.

Ukijumlisha vyote, kilomita moja ni karibu Sh 450. Ile safari ya Posta ambayo shemeji aliiandika kama Sh 13,650 za mafuta, kwa kweli inamgharimu zaidi ya Sh 22,000 kila siku, kabla ya maegesho. Simwambii mtu auze gari lake. Mwenye mtoto aliyewahi kushikwa na degedege saa nane usiku anajua gari ni nini. Nataka tu mtu ajue anachokilipia.

Nianze na mafuta yenyewe, maana kuna jambo limejificha humo. Bei kikomo hutangazwa na EWURA, mamlaka ya nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na hutofautiana kwa mji kwa sababu shehena hushushwa katika bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara kisha husafirishwa bara. Ndani ya bei hiyo kuna kodi na tozo kadhaa. Wengi wanakumbuka furaha ya mwaka 2017 ada ya mwaka ya gari, ile road licence, ilipofutwa. Haikufa, ilihama. Bajeti ya mwaka 2017/18 iliongeza Sh 40 kwenye kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Kwa mtu wa kilomita 18,000 kwa mwaka, anayetumia lita kama 1,630, hiyo ni zaidi ya Sh 65,000 anayoilipa kidogokidogo. Uzuri wake ni kwamba gari lililoegeshwa uani halidaiwi tena. Ubaya ni kwamba hata bibi anayewasha kibatari kijijini aliingizwa kwenye hesabu ya barabara.

Bei ya lita huwezi kuibadilisha. Unachoweza ni kujua gari lako linakula kiasi gani, na hapa watu wengi wanakisia. "Yangu inakunywa vizuri tu" si kipimo. Jaza tenki mpaka bomba la sheli lijikate lenyewe, uiweke trip, kile kihesabio cha safari kwenye dashibodi, kwenye sifuri, kisha tembea maisha yako ya kawaida. Ukirudi kujaza, rudi pampu ile ile, jaza mpaka ijikate tena, gawa kilomita kwa lita zilizoingia. Fanya mara tatu upate wastani. Namba hiyo ni kipimo bora cha afya ya gari kuliko taa yoyote ya kwenye dashibodi, kwa sababu inashuka mapema. Gari lililokuwa likienda kilomita 11 likianza kwenda 9, kwa matembezi ya kilomita 1,500 umeongeza lita 30 kwa mwezi, zaidi ya Sh 90,000. Kuna kitu kinaumwa: upepo mdogo kwenye tairi, plagi zilizochoka, filta ya hewa iliyojaa vumbi la Goba, sensa ya oksijeni, au breki ya gurudumu moja inayobana bila kuachia.

Au themostati haipo. Hili linanikera kwa sababu limeenea sana. Gari likipasha tu, yaani likipata moto kupita kiasi, mafundi wengi wa mtaani hutoa themostati na kuitupa, wakisema nchi yetu ni ya joto haihitajiki. Kazi ya themostati ni kuyazuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake la kazi. Ukiitoa, injini inakuwa ya baridi muda mrefu, kompyuta ya gari inadhani ndiyo kwanza limewashwa, inaendelea kumimina mafuta mengi. Gari halipashi tena, kweli, lakini linakunywa, na kile kilichosababisha lipashe, feni isiyozunguka au rejeta iliyoziba, bado kiko pale pale.

Tabia ya kutembea na taa ya mafuta imewaka, unaweka ya elfu tano asubuhi na ya elfu tano jioni, nayo ina bei yake. Pampu ya mafuta imelala ndani ya tenki na inapozwa na mafuta yanayoizunguka. Tenki likikaa tupu kila siku, pampu inafanya kazi ikiwa ya moto. Robo tenki iwe ndiyo sifuri yako.

Oili inastahili maneno zaidi. Kibandiko cha gereji kinasema rudi baada ya kilomita 5,000, na mwenye gari anaangalia namba ya kilomita tu. Lakini injini haijui kilomita, inajua saa. Ukikaa Mwenge saa nzima gari likiunguruma bila kusogea, kilomita hazikuongezeka, oili imepikwa saa nzima. Kwa hiyo wa foleni asijilinganishe na wa Dodoma hadi Singida. Mimi sivuki kilomita 5,000 wala miezi sita, chochote kitakachotangulia.

Simama karibu fundi anapobadilisha. Si kwamba humwamini, ni gari lako. Injini ya 1NZ, ambayo ndiyo imo kwenye IST nyingi za sisi 1,500, inachukua kama lita 3.7 ikibadilishwa pamoja na filta. Galoni ni lita 4. Mara nyingi fundi anataka kumimina yote kwa moyo mweupe, asikubakizie. Mwambie asubiri. Weka, washa injini dakika moja, izime, acha oili ishuke chini kwa dakika tano, kisha chomoa kijiti cha kupimia, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena. Oili isimame kati ya alama mbili, ikikaribia ya juu. Kinachobaki kwenye galoni kaa nacho kwenye buti, kitakufaa. Na galoni ikiisha itoboe kwa bisibisi kabla ya kuitupa, kwa sababu galoni zima lenye nembo safi ndilo wanalotafuta wanaouza oili feki.

Kosa langu kubwa kabisa katika magari lilikuwa kwenye giaboksi. Gari langu la kwanza lilikuwa dogo, la CVT, na mimi sikujua CVT ni nini. Nililipeleka gereji ya jirani, fundi kijana mchapakazi, akaniambia oili ya giaboksi imechoka, tubadilishe. Alikuwa na dumu la oili nyekundu. Nikamuuliza kama ndiyo yenyewe. "Kaka, hii ndiyo tunaweka zote." Ilikuwa ya bei nzuri, nikashukuru. Wiki ya tatu, kila nikianza kuondoka kwenye mataa, gari linatetemeka kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Mwezi wa pili linanguruma bila kwenda. Nilinunua giaboksi ya mtumba kwa pesa ambayo ingenibadilishia oili sahihi kwa miaka mingi.

Nilichojifunza baadaye ni hiki. Giaboksi ya kawaida ya otomatiki ina gia za ngazi. CVT haina; ina mkanda wa chuma uliobanwa kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Mkanda ule haushiki kwa meno, unashika kwa msuguano tu, na oili yake imetengenezwa ili chuma kishike chuma bila kuchunana. Ukiweka oili ya otomatiki ya kawaida, mkanda unateleza, unakwaruza puli, na mikwaruzo hiyo haitibiki. Wala jina la gari halikutoshi kujua: IST ya toleo la kwanza, ya 2002 hadi 2007, ni otomatiki ya ngazi nne, nyingi za toleo la pili zenye sisi 1,500 ni CVT. Kwenye Toyota nyingi zenye kijiti cha giaboksi, aina ya oili imeandikwa kwenye kijiti chenyewe, kwa mfano T-IV kwa otomatiki au TC kwa CVT. Kisome kabla hujalipa. Yule fundi simlaumu sana, alifanya alichofundishwa. Swali nililomuuliza yeye, nilipaswa kulisoma kwenye kijiti.

Kuhusu maji nitasema mawili. La kwanza, rejeta haitaki maji ya bomba, na kwa sisi wa huku ambako visima vingi ni vya chumvi, haitaki kabisa. Chumvi inakula alumini polepole kutoka ndani, na siku rejeta inapotoboka huoni uhusiano wowote na dumu la maji ya kisima uliloongeza mwaka uliopita. Weka kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini. Na gari likipasha usifungue mfuniko wa rejeta kabla halijapoa, maji yaliyobanwa humo yamevuka nyuzi joto 100 na yanangoja tu mwanya yakurukie usoni.

La pili ni la masika. Jangwani ikijaa, na mitaa mingine yenye mabonde, kila mwaka kuna magari yanayozimika katikati ya maji na wenyewe wanajaribu kuyawasha tena. Usiwashe. Hewa inabanika ndani ya silinda, maji hayabaniki. Yakishanyonywa kupitia filta ya hewa, ukizungusha stata pistoni inagonga maji kama ukuta na konrodi, ule mkono unaoishika pistoni, inapinda. Gari lililozimika majini na kuvutwa hadi gereji, likafunguliwa plagi na kukaushwa, linaweza kupona. Lile lililolazimishwa kuwaka ndilo huishia kubadilishwa injini.

Tairi zina tarehe ya kuzaliwa, na wauzaji wengi hawakuonyeshi. Tafuta ubavuni maandishi ya DOT, mwishoni kuna tarakimu nne. Ukiona 2319, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za mtumba zinazovutia macho kwa kashata nene, yaani meno ya kukanyagia, mara nyingi ni za miaka minane, tisa, mpira umekauka na kwenye lami yenye unyevu zinateleza kama ndala za kuogea. Bora kashata ya wastani kwenye tairi changa. Upepo upimwe asubuhi tairi zikiwa baridi, na kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko pembeni mwa mlango wa dereva. Kijana wa upepo akiulizwa atakuwekea kile anachowawekea wote.

Tairi pia zinasema yanayoendelea chini. Zikiliwa upande wa ndani tu, alaimenti, yaani mpangilio wa magurudumu, imekwenda. Zikiliwa kwa mabonde mabonde, shokapu zimechoka. Hapo ndipo wengi wanabadilisha tairi na kuacha ugonjwa, zile mpya zinaliwa vilevile. Mlio wa kugongagonga mbele ukipita matuta mara nyingi huwa ni stabilaiza linki, kitu cha bei ndogo, lakini ukikiacha kinavunja vingine. Na bushi ni mpira, mpira unazeeka kwa miaka hata gari likiwa limelala. Gari lililotengenezwa 2005 likifika kwetu na kilomita 60,000 kwenye dashibodi, bushi zake bado ni za 2005. Shemeji aliona kama ameuziwa gari bovu. Alikuwa ameuziwa gari la miaka mingi tu. Ukienda Gerezani au Ilala kununua spea, nenda na ile iliyotolewa mkononi na namba ya chesesi kwenye simu, siyo jina la gari peke yake.

Betri nitaipitia haraka. Joto linaimaliza kuliko baridi, kwa hiyo Dar usitarajie miaka mingi. Yenye afya ikiwa imepumzika inasoma kama volti 12.6, na injini ikiwaka chaji iwe kati ya 13.8 na 14.5. Ikisoma chini ya hapo injini ikiwaka, kagua altaneta, ile inayochaji betri, kwanza kabla hujanunua betri mpya itakayokufa nayo. Ule unga wa kijani na nyeupe kwenye vichwa vya betri unaoshwa kwa maji ya moto na baking soda, na mara nyingi "betri mbovu" huwa ni unga huo tu.

Makaratasi nayo ni kazi ya gari. Bima ndogo ya gari binafsi ni Sh 118,000 pamoja na VAT, na inawalinda wale utakaowaumiza au kuwaharibia mali. Gari lako lenyewe halimo. Nimekutana na watu waliogundua hilo wakiwa wamesimama mbele ya taa iliyovunjika. Bima kubwa inalinda na lako, lakini kuna sehemu ya hasara utakayobeba mwenyewe, uiulize kabla ya kusaini. Uliza pia kama mafuriko yamo. Wala usidanganye thamani ili ulipe kidogo. Gari la milioni 12 ukiliandika milioni 6, bima nyingi zitakuhesabu kama uliyekata bima ya nusu, na hasara ya milioni 2 utalipwa milioni 1. Baada ya kulipa, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, mtandaoni uone kama bima yako imo. Inachukua dakika moja, na risiti nzuri si bima.

Faini ya barabarani ni Sh 30,000 kwa kosa, na huandikwa kwa namba ya gari. Ndivyo ulivyo na ushuru wa maegesho. Kwa hiyo unaponunua gari la mkononi, kagua madeni ya namba hiyo kabla ya kukabidhi pesa, la sivyo unanunua na madeni ya mwenzio. Leseni yako inadumu miaka 5, muda mrefu wa kutosha kusahau. Iandike tarehe kwenye kalenda ya simu leo.

Kazi za kila wiki zinatosha dakika kumi, na mimi huzifanya Jumamosi kabla jua halijawa kali. Kijiti cha oili. Kulanti kwenye chupa yake, siyo kwa kufungua rejeta. Mafuta ya breki. Yakishuka, pedi zimekwisha au kuna mvujo, usiongeze tu ukaondoka. Macho chini ya gari kuona kama kuna tone: jeusi ni oili ya injini, jekundu mara nyingi ni la giaboksi au la usukani, maji safi chini ya kiti cha abiria ni ya AC tu. Naangalia upepo wa tairi zote, na ya spea, maana spea isiyo na upepo ni mzigo. Mtu akanyage breki, niangalie taa za nyuma. Kisha daftari, linakaa kwenye droo ya dashibodi: tarehe, kilomita, kilichofanyika, bei. Daftari hilo ndilo lililonionyesha habari ya kuosha na oili, na siku ya kuuza, mnunuzi analisoma kwa heshima.

Shemeji ana lake sasa, la kava la bluu. Wiki iliyopita kanitumia ujumbe saa kumi na mbili asubuhi: "Shem, nimeweka ya 30, na 11 imeingia kule. Halafu mbele kushoto pananilia nikikata kona, njoo usikilize." Nimemwambia aje nayo Jumamosi, tutaipandisha jeki tuangalie kwanza mpira wa drive shaft kama umepasuka. Kule kwenye laini ya pili ana Sh 340,000.